Behewa Nililoliacha Kajiado

Mpenzi wangu Mama Sein,

Niko na miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko mafundi wote wa reli niliofanya nao kazi, kuliko wakubwa watano, na sasa kuliko wewe, jambo ambalo sikupanga. Herufi hizi ni zile ulinifundisha, kwa hivyo zikipinda lawama ni yako.

Unakumbuka mwaka ule malori yalitaka kutunyang'anya mzigo wa magadi? Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Behewa moja likiharibika gurudumu, treni yote inakaa porini siku mbili, na meli Mombasa haingoji. Wenye mzigo wakasema treni ijayo ikichelewa, mzigo wote unahamia barabarani. Kazi yangu Kajiado ingeisha, na ile nyumba yetu ya reli tungeitoka.

Treni ilipoingia kutoka Magadi nikapita na nyundo nikigonga magurudumu, vile hakuna mwingine aliweza kugonga mpaka Konza. Moja likajibu vibaya, kama ng'ombe mwenye kikohozi. Nikasema behewa hilo litolewe, libaki reli ya pembeni na mzigo wake.

Mkubwa mpya akaja mbio. "Mzee, umehesabu? Yanatakiwa mabehewa ishirini."

"Kwetu ng'ombe hatuhesabu. Tunatazama tunajua nani mgonjwa."

"Haya si ng'ombe zako."

"Ndiyo maana yanakufia mkononi."

Akasema treni ikisimama njiani, au hilo behewa likifunguliwa lipatikane zima, niende nyumbani. Wewe ukacheka: "Njoo tu uchunge mbuzi zangu. Lakini mbuzi hazisikilizi majivuno."

Mama Sein, siku zile za kungoja sikumeza chakula. Nikakuambia ni jino. Halikuwa jino. Ile sauti niliisikia mara moja tu. Nilipogonga tena gurudumu lilijibu sawa, na mimi nilikuwa nimeshasema. Mimi na kurudisha neno, unajua. Ukanivuta mpaka kwa daktari wa meno, ukangoja nje. Akachungulia, akasema, "Mzee, hili ni zima kabisa." Nikamwambia ang'oe.

Tulipotoka, karani wa stesheni alikuwa anatukimbilia. Mombasa wamepiga simu, treni imefika bila kusimama. Na lile behewa mafundi wamelifungua, beringi ya gurudumu imevunjika kama biskuti. Nilitaka kujisifu, pamba mdomoni ikanikataza. Ukauliza nalia nini. Nikakuonyesha shavu.

Tangu siku hiyo mabehewa yakawa yanagongwa kabla ya kupakiwa, wagonjwa wanabaki, wazima wanakimbia. Mzigo ukakaa kwa reli, na sisi tukakaa kwa nyumba.

Sasa niko Noonkopir kwa Sein. Honi ya treni ya mzigo ikilia upande wa Athi River, ulimi wangu unaenda wenyewe kwa pengo. Leo nimekuambia, na ugali umeshuka vizuri.

Ukiona nadanganya, Abdi muuza mbuzi bado yuko sokoni Kajiado. Alikuwa kwenye foleni ndani, mlangoni kwa daktari, akasikia yote, na amenicheka miaka hii yote bila kukuambia.

Mume wako,
Baba Sein