Pindo la Vidole Vinne

4 Septemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na cherehani inalalamika kama kawaida yake. Mimi sijambo. Mguu uliokuwa unavimba kwa kusimama umepoa tangu waniletee kibao cha kukanyagia. Binti yangu Kifungo hajambo? Bado anaongea na sindano?

Naandika kwa sababu kwenye simu utasema "sawa, sawa" halafu utampa mtoto azungumze yeye. Barua huwezi kuikwepa. Kifungo anaingia darasa la kwanza Januari. Hapa karibu na hospitali kuna shule ya kulipia, darasa moja watoto ishirini, nimeomba nafasi na wameniwekea mpaka katikati ya Desemba. Najua ukifika hapa umevua miwani ukaiweka mezani. Ivae tena, endelea.

Sijaamua kumchukua. Ipo ile shule ya serikali mbele ya dirisha lako, niliyosoma mimi. Nataka uikague kwa niaba yangu. Usiniambie imepakwa rangi. Niambie kama watoto wanajifunza. Ukisema ni nzuri, Kifungo atabaki kwako. Kama si nzuri, nitakuja kumchukua mwenyewe.

Jana mvuke ulijaa chumba chetu cha kufulia nguo za hospitali hata nikawa simwoni mwenzangu wa upande wa pili wa shuka. Shuka tunazikunja wawili wawili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Kwenye ule weupe nikauona uwanja wa shule, mtupu, na ile rimu ya gari tuliyokuwa tunaigonga kama kengele. Nikasimama. Mwenzangu akavuta shuka akasema, "Dada, umelala?" Nikamwambia ndiyo.

Nijibu upesi.

Mwanao

---

19 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sijambo, mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Kifungo hajambo. Ameng'oka jino la mbele na sasa kila akitamka "sisi" anapiga mluzi. Sindano zote amezipa majina, na ile kubwa ya kushonea turubai anaiamkia.

Unataka niikague shule. Mwanangu, shule hiyo nimeikagua miaka thelathini bila kuinuka kwenye kiti. Sare zote za pale zinapita mikononi mwangu, na darasa la mtoto limeandikwa ndani ya kosi. Kaptula ikitoboka makalio, najua watoto wanakaa sakafuni. Mfuko ukichanika, najua kuna ugomvi. Basi uliponiandikia nilizichukua nguo zote zilizoletwa mwezi huu nikazitandaza kitandani, nikavaa miwani, nikasoma.

Makalio ni mazima, kwa hiyo madawati yapo. Darasa la tatu ndilo lililonifurahisha. Mashati yao hayana doa, viwiko vizima, utadhani yametoka kwangu jana. Hilo ni darasa lenye adabu. Kasoro ni moja tu, darasa la kwanza. Mashati yao yote yamekatika kifungo cha tatu na cha nne, na kitambaa cha tumboni kimekwanguka. Sijui wana vita gani na sakafu. Nadhani mwalimu wao amewadekeza, lakini hilo litarekebishika.

Na wewe je, umesahau? Sare yako moja ilidumu miaka mitatu bila kiraka. Nilikuwa nawaonyesha wateja, nikiwaambia tazameni mtoto alivyotulia. Shule iliyokutunza wewe hivyo itashindwaje na huyu?

Kwa hiyo waambie hao wa kulipia wampe mtoto mwingine hiyo nafasi. Gauni la sare la Kifungo nimeshalikata na kuliunga, limebaki pindo. Hesabu yangu unaijua, kidole kimoja cha pindo ni mwaka mmoja wa mtoto kukua. Niambie tu nikunje vidole vingapi.

Baba yako

---

6 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini na ninyi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nikae juu ya kapu la nguo chafu.

Sare yangu haikuchakaa kwa sababu nilikuwa sitikisiki. Nilikaa dawati la mwisho, pembeni, chini ya ramani iliyokatika, miaka mitatu. Mwalimu alikuwa akinionyesha kwa wenzangu, "Mtazameni alivyo msafi." Ubaoni hakuniita. Labda hakutaka nichafuke chaki. Nilikuwa naandika kila kitu alichoandika, herufi nzuri za mviringo, na sikujua hata moja inasema nini. Ulinishonea sare nzuri kuliko wote, Baba, na ndani yake kulikuwa na mtoto asiyejua kusoma mpaka darasa la sita.

Unajua nilijifunzia wapi? Chini ya meza yako. Yale magazeti uliyokuwa unayakata vielelezo vya kupimia kitambaa. Nilikuwa nayaokota na kuyaunga. Kwenye kosi nilipata "mvua kubwa ime", kwenye mkono "haribu dara", na "ja" sikuiona kamwe, nadhani ilikwenda kwenye kwapa la mtu. Mpaka leo nikikutana na neno refu naliona lina kwapa. Huku kwenye kuchambua nguo za wodi wananisifu kwamba nasoma lebo zilizofutika. Sijawaambia nilisomea wapi.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unajivunia sana ile sare. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo. Nimeshasema, nimepumua.

Ila Kifungo sitamkubalia akae chini ya ramani. Mashati uyaache kitandani. Ingia darasani, Baba. Kama huwezi, niambie, nimfuate.

Mwanao

---

24 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Mimi na Kifungo tu wazima. Barua yako niliibeba mfukoni mwa shati mpaka ikaanza kuchanika mikunjo. Wiki nzima sikugusa cherehani, wateja wakadhani nimefiwa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti natazama chini ya meza. Nilikuwa najua unacheza pale. Nilikuwa nakupa vipande ili unyamaze nifanye kazi. Nisamehe, mwanangu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Halafu nikavaa koti nikavuka barabara. Karani akaniuliza jina la mtoto, mimi kwa mazoea nikasema Kifungo. Akauliza, "Kwa kosa gani?" Mambo yetu yakaanzia hapo, na tangu siku hiyo nimekwenda mara tisa.

Nitakuandikia mabaya kwanza. Mimi nataka Kifungo abaki, na ninapopima kitu ninachokitaka mkono wangu huvuta futi. Kwa hiyo ujue unasoma maneno ya nani.

Vyoo vya wasichana milango yake haina komeo, mmoja huingia na mwenzake hushika mlango. Watoto wa darasa la kwanza ni sabini na wanane, madawati ni ya nusu yao. Na darasa la tatu, lile nililolisifu. Mwalimu wake anaandika ubao mzima, anapangusa mikono, anatoka. Watoto wananakili mpaka kengele. Kimya mno. Msichana mmoja wa nyuma alikuwa amevaa shati nililolishona mimi, jeupe bado. Nikamwomba anisomee alichokiandika. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mviringo. Hakuweza hata mstari mmoja. Akanitazama kwa adabu akingoja niondoke. Mwanangu, nilikutambua pale pale.

Sasa darasa la kwanza, lile nililolilaumu. Mwalimu wake, anayewafuata watoto mpaka darasa la pili, ni mama mfupi mwenye mafua yasiyokwisha. Madawati kwa kuwa hayatoshi ameyasukuma yote ukutani, ametandika turubai sakafu nzima. Watoto wanalala kifudifudi, wamepanga mduara, vichwa ndani miguu nje, kitabu kimoja watoto watatu. Wanasoma kwa kunong'ona, wote kwa pamoja, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Ubao ameushusha mpaka chini. Anayelipata neno anatambaa kwa tumbo mpaka katikati kuliandika, halafu anarudi nyumanyuma kama gari. Nikamwuliza mwalimu, mtoto wa nyuma huwa ni yupi. Akapiga chafya, akanionyesha ule mduara.

Akaniambia, "Babu, hapa hatuna kiti cha mgeni, lala." Nikalala. Na umri huu, na koti. Mtoto wa kulia kwangu akanisogezea kitabu, wa kushoto akanikosoa. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha lisilo na kioo, vumbi la chaki linaelea, ule mnong'ono unakwenda na kurudi, na mimi nikasinzia. Nikakuona uko chini ya meza yangu, mdogo, na vipande vya magazeti. Ulikuwa unaniambia kitu na cherehani inapiga kelele. Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Ukasoma, "Mvua kubwa imeharibu daraja." Lote, mwanangu, mpaka mwisho. Nilipoamka mwalimu alikuwa ameweka kidole mdomoni anawaambia watoto, "Polepole, Babu amelala." Nikatambaa kutoka wasione nilivyokuwa, na mlangoni kifungo changu cha tatu kikakatika.

Yale ya darasa la tatu nilimpelekea mwalimu mkuu. Akaniambia kwa upole, "Fundi, wewe shona." Nikamwambia ndiyo, nimekuja kushona. Sasa kila Jumatano na Ijumaa nakaa dawati la mwisho na yule msichana. Nampelekea karatasi zangu za vielelezo. Mwalimu wake mwanzoni alininunia, wiki iliyopita alibaki darasani mpaka kengele, nadhani kwa kunikomoa. Na abaki hivyo hivyo. Msichana ameshasoma kosi zima na nusu ya mkono.

Siwezi kukuambia shule ni nzuri. Siwezi pia kukuambia ni mbaya. Nimekuandikia nilichokiona, uamuzi ni wako, na ukija kumchukua nitamfungia nguo zake vizuri. Gauni limetundikwa ukutani bila pindo. Kifungo analiulizia kila asubuhi, nami najifanya sisikii.

Baba yako

---

9 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima kabisa. Mgongo vipi baada ya kulala sakafuni? Usijibu, najua.

Barua yako niliisoma chumba cha kufulia, mvuke umejaa. Mwenzangu alishika ncha zake za shuka akaningoja. Nilipofika kwenye daraja nilimpa naye asome, kwa sauti. Alisoma vibaya, anarukaruka, lakini nilitaka kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Tukaacha shuka ikapoa mikononi, tukaipiga pasi upya.

Leo asubuhi nilikwenda ile shule ya kulipia. Kuna bustani, kuna viti vidogo vya rangi. Nikaomba kusimama mlangoni. Watoto ishirini, kweli, na viwiko vyao vyote vizima. Nikakaa nikiwatazama mashati, Baba. Ugonjwa wako umenipata. Huenda ni shule nzuri sana, sikuuliza. Niliwashukuru kwa kunisubiri, nikawaambia nafasi wampe mtoto mwingine.

Gauni likunje pindo la vidole vinne. Viwili ni vya yule mwalimu mwenye mafua. Viwili vilivyobaki ni vyako, kwa hiyo Kifungo akifika darasa la tatu akukute umeshakaa dawati la mwisho.

Makomeo ya vyoo usingoje kamati ya shule, peleka yako, funga mwenyewe. Yule msichana akimaliza mkono wa pili mwambie na mimi nilianzia hapo hapo.

Kifungo akirudi amechafuka tumbo zima, usimgombeze. Sare ikichanika, shona tu, usihangaike kuniandikia. Ikikaa miezi mitatu haijachakaa, niandikie siku hiyo hiyo.

Mwanao