Kifungo cha Koti la Baba

Brno, Jumatano, tarehe 18 Juni

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumaini zimekukuta umeketi kwenye benchi lako nje ya jiko, kahawa mkononi, na kile kikohozi cha masizi kimekupa likizo ya kiangazi. Nyuki wako wanaendeleaje na joto hili? Na cheri za upande wa uzio umezichuma, au ndege kwezi wamekuwahi tena kama mwaka jana? Mimi ni mzima kabisa, ila sauti imekauka na nyayo zina malengelenge. Nimeamua kuandika kwa sababu simu kwako ni kitu cha kuulizia saa ya treni, ukishajibiwa, unakata.

Najua Mama amekwishakwambia kwamba tumetwaa ubingwa wa Ulaya hapa Brno. Mimi nataka kukusimulia kwa mpangilio, maana kuna jambo moja mwishoni ambalo haliwezi kuelezwa peke yake.

Unakumbuka nilipokuja Pasaka kukupa habari kwamba nimeitwa timu ya taifa ya mpira wa wachezaji sita. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na nilitaka kuruka kama mtoto. Wewe ulimeza tonge lako polepole, ukasema mbele ya wote kwamba hutakuja kuniona nikicheza mpaka goti lile lipone. Mama akakuuliza goti gani tena, mtu anashinda juu ya mapaa ya watu akifagia dohani za moshi mwaka mzima! Ukamwambia aendelee na supu yake. Mimi nikainamia sahani yangu. Lakini ukweli ni kwamba kombe nililitaka, na zaidi ya kombe nilitaka kukuona wewe jukwaani, kama zamani uliponipeleka mazoezini kila Jumamosi. Kwa hiyo nilikuwekea kiti kila mechi, safu ya kwanza. Kila mechi kikakaliwa na mkoba wa mke wa Hynek.

Huyu Hynek ndiye nahodha wetu, dereva wa tramu, mtu mwenye mdomo usiopumzika. Sisi sote, kama ujuavyo, ni watu wa kazi zetu. Tuliomba ruhusa kwa mabosi, wengine kwa machozi. Kipa wetu Dalibor ni mwokaji mikate, na mikono yake ni mipana kama sinia zake. Basi mechi ya kwanza, dhidi ya Waslovenia, Hynek akamwambia mwandishi wa gazeti kwamba katika benchi letu yupo mfagia dohani halisi, mtoto wa mfagia dohani, na kwamba hatuwezi kufungwa. Gazeti likatoka asubuhi. Mechi ya pili, kocha aliponiingiza, nikasikia uwanja mzima umenyamaza, halafu watu wanacheka. Nikatazama jukwaani: kila mtu ameshika kifungo.

Baba, ungecheka. Wewe umezoea kina mama wawili watatu njiani wakikuona na ngazi yako wakikimbilia kushika kifungo ili wapate bahati. Hawa walikuwa maelfu! Na kwa joto lile nani amevaa shati la vifungo? Wengi walivaa jezi, wakashikilia kifungo cha jirani. Mechi ya tatu bibi mmoja akaja na kopo zima la vifungo vya kushonea, akawa anagawa kwenye mlango wa kuingilia uwanjani, huku akiwafokea vijana: "Kimoja kimoja, nyie! Hivi ni vya koti la marehemu!" Dalibor naye kila siku alinisumbua nimpake masizi kidogo kwenye glavu. Nikamwambia nimeoga. Akasema, "Sasa umeoga ili iweje, wewe? Unataka tufungwe?"

Hynek yeye hakunionea huruma. Kila nikichelewa kurudi kulinda lango alipiga kelele, "Zbyněk! Hata moshi unakupita!" Lakini katika uwanja ule mdogo, Baba, mimi sichelewi sana. Mabadiliko ni ya muda wote, kama katika mpira wa magongo wa barafuni. Unaingia, unajitoa mzima kwa dakika tatu, unatoka kunywa maji. Mpira unakufuata wenyewe. Robo fainali niliwafungia Wakroatia bao kwa mguu wa kushoto, na nusu fainali dhidi ya Waazabajani nilitoa pasi mbili ambazo hata wewe ungezisifia, kwa namna yako ya kusema kwamba si mbaya.

Fainali ilikuwa Jumapili alasiri, sisi na Waromania. Waromania hawa wanaujua mchezo huu. Wamebeba kombe hili hata wamechoka kulibeba. Joto lilikuwa la kukausha nguo mwilini. Walitufunga mapema, Hynek akasawazisha kipindi cha pili, halafu kila upande ukaogopa mpaka filimbi ya mwisho. Tukaenda kwenye penalti. Mashabiki wao nao walikuwa wamejifunza, wameshika vifungo upande wao. Hynek akawapigia kelele kwamba huo ni wizi wa bahati ya watu. Mmoja wao akajibu kwa Kicheki cha kuvunjika kwamba bahati haina pasipoti.

Dalibor alidaka mkwaju wao wa mwisho kwa ile mikono ya sinia. Ikabaki zamu yangu. Nikifunga, tumeshinda.

Niliuweka mpira chini, nikainua macho nivute pumzi. Juu kabisa nyuma ya lango, chini ya ubao wa mabao, nikaona koti jeusi. Katika joto lile, koti zito la sherehe la mfagia dohani, lenye vifungo vya dhahabu safu mbili! Watu walioketi karibu walikuwa wamemgeukia mwenye koti, wameshika vifungo vyao na kumtazama kwa furaha. Mwenye koti hakuwatazama. Alikuwa ameshika kifungo chake mwenyewe kwa mikono miwili.

Wewe, Baba! Wewe uliyenifundisha siku ya kwanza ya kazi kwamba mfagia dohani hashiki kifungo chake mwenyewe, kwamba hilo ni jambo la aibu kama kinyozi kujinyoa mbele ya wateja!

Sikumbuki nilivyopiga. Wananiambia niliupiga vibaya. Mpira uligonga mwamba, ukarudi, ukamgonga kipa mgongoni, ukaingia ukijikokota kama mlevi anayeingia nyumbani. Refa akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja: bao. Dalibor alinikalia kifuani, Hynek alilia kama mtoto na sasa anakataa, na lile kopo la bibi likamwagwa lote uwanjani. Mimi nikaponyoka, nikapanda ngazi za jukwaa na medali shingoni. Kiti ulichokuwa umekalia kule juu kilikuwa kitupu. Waliokuwa jirani wakaniambia mzee ameondoka mara tu mpira ulipoingia, anawahi treni. Nikainama chini ya kiti, nikakuta kifungo kimoja cha dhahabu, uzi ungali umening'inia.

Jumatatu nikampigia simu Mama. Akaniambia kwamba Jumapili ulikwenda msituni kutafuta uyoga, ukarudi jioni kikapu kitupu na koti limekatika kifungo, ukasema ni miiba. Nikamuuliza ni uyoga gani unaoota kwenye ukame huu, na ni nani anayeutafuta kwa koti la sherehe. Akasema naye alikuwa anangoja mtu amsaidie kuuliza hilo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Baba, goti langu halikuwahi kuumia. Siku ile, nikiwa na miaka kumi na tisa, kocha wa klabu aliniita ofisini akaniambia kwamba nina mguu mzuri lakini mapafu yangu ni ya nusu uwanja tu, na kwamba nisirudi tena. Nililia ndani ya treni mpaka kituo chetu. Ulikuwa umesimama hapo na chupa ya chai ya moto, ukaniuliza imekuwaje. Miaka minane ulikuwa umenipeleka na kunirudisha. Sikuweza kukwambia kwamba sifai. Nikasema goti. Na wewe ukanipaka yale mafuta ya bata bukini na kafuri kila jioni, kipupwe chote, na mimi nikakaa kimya nikinuka kama duka la dawa. Nimekaa kimya miaka kumi na tano. Nisamehe. Nimeona aibu kwa uwongo huo kuliko kwa kufukuzwa.

Hayo yote nilimwambia Mama kwanza, kwa sababu mimi ni mwoga. Akacheka hata akaweka simu chini. Aliporudi akasema kwamba ulijua tangu wiki ya kwanza, maana asubuhi nilikuwa nachechemea mguu wa kushoto na jioni wa kulia. Yeye alitaka kunitandika. Wewe ukamwambia, "Mwache. Siku goti litakapopona, atasema mwenyewe." Ndipo nikakumbuka, Baba. Ulikuwa unanipaka magoti yote mawili.

Basi, limepona. Yote mawili yamepona.

Nisalimie Mama, mwambie zile keki zake za jemu ya plamu hazikufika hata mapumziko. Dalibor, mwokaji mzima, alikula sita. Nisalimie na majirani wa ng'ambo ya kijito. Jumapili nakuja kwa treni ya saa nne, na sindano na uzi mweusi, nikushonee kifungo chako. Unisubiri kituoni na chai, hata kama kuna joto.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Zbyněk