Bili ya Nyumba Tupu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado ananuka sabuni na mvuke, maana ndiyo kwanza nimezima mashine ya mwisho. Kazi inakwendaje huko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa huku unajidai mzima? Mimi sijambo. Miguu inavimba ikifika jioni, lakini miguu haijawahi kunizuia kufungua duka, na haitaanza sasa.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza maswali matatu kwa mpigo, kama askari aliyemkamata mtu dirishani: ni kweli kwamba mita zilibadilishana, mkeo atarudi lini, na ilikuwaje mimi, dada mwenye kichwa cha hesabu, nisilione jambo hilo. Nitayajibu kwa mpangilio uleule uliouweka wewe. Tafuta kiti ukae.

La kwanza, ni kweli. Unakumbuka ukuta wa mbele ulivyopakwa rangi, mwezi uleule uliponipandishia kodi ya chumba changu cha udobi. Mpaka rangi alikuwa yule tunayemwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi. Zile mita mbili ziko pamoja ubavuni mwa ukuta, moja ya nyumba yako iliyo nyuma, moja ya udobi ulio mbele, na chini ya kila mita kulikuwa na kibao cha bati chenye namba ya mteja. Taratibu alitaka rangi yake ikae vizuri, akang'oa vibao vyote viwili. Alipomaliza akavigongomelea tena, cha kwako kwenye mita yangu, cha kwangu kwenye mita yako. Wala hakuwa amelewa. Misumari ilinyooka, vibao vilikaa sawasawa, kazi safi kabisa. Msoma mita naye hupita mbio. Anatazama kibao, anatazama tarakimu, anaandika, anaondoka kabla mbwa wa jirani hajamwona. Tangu hapo mashine zangu za kufulia, kikaushio na ile pasi kubwa ya mvuke vikawa vinalipiwa na nyumba yako. Mimi nikawa nalipia taa zako nne, friji na redio.

Bili ya kwanza ya namna hiyo mkeo alidhani imeongezewa tarakimu kwa bahati mbaya. Ya pili ikamtia hofu, akakupigia. Yaliyofuata unayajua, lakini wewe uliyajua kwa sikio, mimi niliyaona kwa macho. Ulimwambia aache kupiga pasi. Akaacha. Nguo za shule za binti yako akawa anazikunja zikiwa na unyevu na kuzitandika chini ya godoro zinyooke, na pasi yangu kubwa iko hapohapo mlangoni pake ikifuka mvuke kutwa nzima. Ukamwambia achomoe friji. Akaichomoa, akaigeuza kabati la sahani. Bili haikushuka. Ikapanda, maana ndicho kipindi nilichopata kazi ya mashuka ya hoteli.

Ndipo ukasema anauza umeme kwa majirani. Alipokuapia kwamba hauzi, ukasema basi bila shaka ana bwana fundi wa kuchomelea vyuma, amemfungulia karakana chumbani kwako. Ulicheka mwenyewe kwa utani wako. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, mdogo wangu. Mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe. Binti yako alikuwepo, akamuuliza mama yake karakana ni nini.

Ukaniomba mimi niingie nikague, kwa kuwa ukiacha mimi humwamini mtu. Niliingia. Nilipita chumba kwa chumba, nikainama uvunguni, nikafungua hadi ile friji yenye sahani. Mkeo alinifuata nyuma amebeba tochi, ananimulikia, wifi huku, wifi na hapa tazama, kama mtu anayemsaidia daktari kutafuta ugonjwa. Nilikuandikia kwamba nimekagua na sioni kosa lolote la umeme. Nawe ukajibu kwamba kama kosa si la umeme, basi ni la mtu.

Ulimpa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka. Hakulia mbele yangu. Alifunga mizigo yake, akazima swichi kubwa, akafunga mlango na kuniwekea ufunguo kiganjani. Akaniomba jambo moja tu, nisiufungue mlango ule hadi bili nyingine itoke. Nilikubali, na neno langu nililishika. Bili ikatoka. Nyumba tupu, swichi imezimwa, buibui ndiye mpangaji, na inadaiwa kama kiwanda. Nikampelekea mkeo bili ile kama alivyoomba, na wewe nikakutumia picha yake.

Hapo mtu yeyote angesimama akafikiri. Wewe ulijibu kwamba sasa umemnasa, kumbe alichongesha ufunguo wa pili na anaingia kwa siri na huyo bwana wake. Nilisoma jibu lako mara mbili. Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Mkeo alikwenda na bili ile ofisi ya umeme. Dirisha la kwanza wakamwambia alipe kwanza, malalamiko baadaye. Dirisha la pili wakamuuliza mumewe yuko wapi, maana akaunti ina jina la mwanamume. Akawaambia kwamba mume ndiye aliyemfukuza kwa ajili ya akaunti hiyohiyo, sasa wanataka amlete wa nani? Foleni nzima ikaangua kicheko, hata karani akashindwa kujizuia, na kwa aibu ya kucheka akampa mkaguzi.

Mkaguzi alifika pamoja na mkeo nikiwa na mzigo wa mashuka. Akaniambia, haya bibi dobi, zima kila kitu. Nikazima. Akatazama mita yenye kibao cha nyumba yako, imetulia tuli. Washa, akasema. Nikawasha, ikaanza kukimbia. Aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kujaribu hivyo kabla. Mkeo akasema hapana, yeye alikuwa na swichi ya nyumba tu, na kuizima aliizima. Mkaguzi akatoa bisibisi, akabandua vibao, akavirudisha panapostahili. Hata birika la chai lisingewahi kupoa.

Swali la pili. Nilikwenda kwa mkeo kama ulivyonituma, na maneno yako nikayafikisha yote, hata lile la kwamba umemsamehe. Amepanga chumba kimoja, anashona sare kwenye kiwanda cha nguo. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye mto na yeye akakaa kitandani. Binti yako amerefuka. Giza lilipoanza kuingia alisimama karibu na swichi, akamtazama mama yake, akauliza kama anaruhusiwa. Taa moja tu, mdogo wangu. Mama yake alimwambia awashe, na mtoto akawasha huku amefumba macho, kama anayetegemea kupigwa.

Kuhusu kurudi, mkeo alisema nikuambie hivi. Ulikuwa na watu wawili wa kuwaamini, mkeo na mita, ukaamini mita. Sasa mita imekiri kwamba ilisema uongo, basi ukaishi nayo. Nilimbembeleza kidogo, kwa kuwa ulinituma, si zaidi ya kidogo. Hatarudi. Ameshaandikisha binti yako shule ya hukohuko, kwa jina la baba wa mkeo.

Sasa la tatu, lile uliloliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Umeuliza ilikuwaje nisilione.

Nililiona mwezi wa kwanza.

Bili yangu ilishuka hadi sehemu moja kwa tisa ya ilivyokuwa. Mtu aliyejifunza hesabu kwa vifungo vya mashati ya watu hahitaji mkaguzi kumwambia kwamba mashine hazili hewa. Nilizima pasi, nikatoka nje nikatazama mita, nikarudi kuiwasha pasi, nikatoka tena. Nikaona vibao. Nikarudi ndani nikaendelea na kazi.

Usijisumbue kuuliza kwa nini, nitakuambia. Ada ya chuo chako niliilipa kwa mikono hii kabla sijamiliki hata beseni la pili. Kiwanja ni cha baba yetu, hati ikatoka kwa jina lako peke yako, na mimi nikawa mpangaji wako kwenye ukuta ambao matofali yake niliyabeba. Nilipokuomba unidhamini benki ninunue mashine, ulisema mbele ya wajomba wote kwamba benki haikopeshi kamba za kuanikia nguo. Walicheka sana. Wewe umesahau; aliyechekesha husahau. Kisha ukanipandishia kodi ili nilipie rangi. Nilipoona rangi hiyohiyo imenirudishia zaidi ya ulichoongeza, nilisema moyoni, acha inirudie. Mashine ya tatu unayoisifia kwa watu, ile uliyosema dada yangu ni jembe, uliinunua wewe.

Mkeo ananijua. Siku ile chumbani kwake aliniuliza, wifi, ulikuwa unajua? Nikamjibu ndiyo. Akauliza ningesema lini. Nikamwambia nisingesema. Akamwita binti yako aje amuage shangazi yake, na kiti akakitoa nje nikiwa bado nainuka. Sikumlaumu. Nilimnyima neno moja, na neno hilo lingempa kila kitu. Kwake yeye nina deni, na yeye hataki nilipe.

Wewe sina deni nawe la namna hiyo, kwa hiyo usilie kwa jina lake. Mimi nilipanga ulipe wewe. Aliyeamua kwamba mkeo ndiye alipe ni wewe, na hukunishauri. Ungekuja siku moja tu ya likizo ukazima swichi kwa mkono wako, ningekamatwa mchana kweupe. Nilikungoja uje. Kila mwezi nilikungoja.

Limebaki jambo la kazi. Ofisi ya umeme hairudishi fedha taslimu. Mimi nimeandikiwa deni la tofauti yote na nitalilipa kidogo kidogo, na fedha zote ulizolipa zaidi zimebaki kwenye akaunti yako kama umeme uliolipiwa mbele. Nimepiga hesabu kwa matumizi ya nyumba yako ya zamani, taa nne, friji na redio. Unao umeme wa kukutosha mpaka binti yako awe mke wa mtu. Hakuna wa kuwasha hata balbu.

Kwa kuwa ni hasara kuuacha ulale, naomba ruhusa yako nivute waya kutoka kwako hadi kwenye pasi yangu. Fundi nimeshaongea naye. Safari hii nataka iwe kwa maandishi, maana mkaguzi amenikazia macho. Thamani yake unaweza kuikata kwenye kodi, ama uache tu, tutajua tutakapoonana.

Wapangaji wa jirani wanakusalimu, na Taratibu anakusalimu sana, anauliza kama utapaka rangi tena mwaka huu. Kunywa kitu cha moto kwa ajili ya hicho kifua, na ulale mapema.

Ni mimi, anayengoja jibu lako kuhusu waya,
Dada yako wa kuzaliwa tumbo moja.