Umemeza Dawa?

Malangali, Jumanne, Agosti 1995

Dada Yusta amehesabu vidonge vyangu tena. Imeniudhi.

Alinikuta jikoni nalia, nimeshika kitenge cha marehemu mama. Kwenye pindo kuna fundo la mbegu za ulezi, alilifunga mwenyewe kabla hajaugua.

"Umemeza dawa?" Nalia nini, hakuuliza.

Nimemeza. Hii ni dawa ya tatu. Ya kwanza ilizinyamazisha zile sauti kichwani, lakini ikanikausha na mimi. Mama tulimzika Mei, sikutoa hata chozi, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Ya pili ilinitetemesha mikono mpaka kikombe kikanishinda. Hii ya sasa nina wiki ya tano nayo na sauti hazijarudi. Kusema imenikubali naogopa. Hata ile ya kwanza nilidhani...

Nikamwambia, "Dada, leo siumwi. Namlilia mama."

Akakishika kile kitenge, akalipapasa lile fundo bila kulifungua. Akakaa chini kando yangu, akaanza kulia na yeye.

Sikumuuliza kama amemeza dawa.