Chokoleti ya Jumamosi Kuu

Bungoma, Jumamosi Kuu, 2006

Sijawahi kumwambia mtu kwamba tangu Jumatano ya Majivu nimejinyima sukari. Nilimwahidi Mungu nitavumilia hadi Pasaka ili Mama atoke hospitalini. Hapa nyumbani wanadhani chai isiyo na sukari ndiyo ninayoipenda.

Leo Shangazi Rose amefika kutoka Kitale na mfuko wa supamaketi wenye mayai ya chokoleti na sungura wa chokoleti. Akatupanga sebuleni kama foleni ya chanjo, tuonje tumwambie ipi ni tamu zaidi, ndio ajue atakayowanunulia watoto wa kanisani kwake.

Nilisema sitaki. Shangazi, ambaye huniita mwalimu kwa jinsi ninavyopenda vitabu, akadakia:

"Ati hutaki? Hii si ya kioski, bana. Ama unangoja kwanza usome kitabu chake?"

Wote walicheka, hata Baba. Nilikichukia kicheko kile, nikaichukia lipstiki ya Shangazi, nikamchukia na yule sungura. Ningesema ukweli kwa sentensi moja tu. Badala yake nilifungua mdomo, akanitilia kipande cha sikio la sungura.

Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Ilibaki siku moja tu, na sasa Mama akizidiwa nitajua ni kwa sababu ya...

"Haya, mwalimu, gani tamu?"

"Zote mbaya," nikasema. Akafunga mfuko wake.

Jioni nilipika chai. Nilimtilia kila mtu sukari, yangu nikainywa bila. Nimeanza kuhesabu siku arobaini upya, na kesho, Pasaka, itakuwa ya pili.