Mkasi wa mama kwenye mkono wa dada

Shoga, shika simu.

Sijachorwa. Narudia, SIJACHORWA hiyo tatuu.

Wiki nzima najipaka losheni kama mtoto mchanga. Bia sijagusa. Leo nimekula nikashiba, nimevaa blauzi isiyo na mikono. Na jana dada kaniambia, "Unyoe huo mkono, mchoraji hataki kuona hata unywele." Nikanyoa kwa wembe mpaka ngozi ikawaka moto.

Mchoraji kaushika mkono, kausogeza kwenye taa. "Nani kakwambia unyoe? Umejichanja kote, hapa siweki sindano. Si nilimwambia dada yako kunyoa ni kazi yangu?"

Nikamgeukia dada. Unajua kasemaje? "Aa, nilidhani nilikwambia usinyoe."

ALIDHANI! Na mkono wake vinyweleo vyote vipo, wembe haujapita!

Basi kakaa kwenye kiti yeye. Kachorwa mkasi wa marehemu mama, ule wa kushonea. Mchoro nimeuchora mimi, shoga. Mama nimemuuguza mimi, yeye akipiga simu za video. Leo nimekaa pembeni nimemshikia mkoba.

Sasa hivi kaweka picha kwenye grupu la familia. Shangazi kaandika, "Kweli mwanangu, wewe ndiye uliyempenda mama yako." Naye kajibu, "Asante shangazi," na vikopa vyekundu.

Na hiyo picha nimempiga mimi. Tena nikamwambia ageuze mkono kidogo, mkasi uonekane vizuri.