Mwamba wa Baba

Bwawani, Hickory Fork, Tennessee
Oktoba 9

Mdogo wangu Hobart,

Natumaini uko mzima huko Ohio, wewe na Loretta, na kwamba lile goti limepunguza kelele zake. Mimi mzima, ila meno yananikimbia moja moja. Ningekujulia hali kwa simu kama watu wengine, lakini mara tatu mwaka huu umesikia sauti yangu ukakata. Basi nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la tano. Wewe msomi soma tu, usinihesabie makosa.

Shemeji yako Verlin anaumwa. Ni mapafu, lile vumbi la mgodini. Daktari ametuambia tusipange mambo ya Krismasi. Anataka kukuona. Hilo ndilo kubwa, lakini lipo jingine, nami nitalifikia kwa mwendo wangu, usinikimbize.

Mwaka huu tumevua kuliko miaka yote. Verlin hawezi tena kurusha, kwa hiyo narusha mimi, naye anakaa mbele ya boti kajifunga blanketi, anatoa amri kama jenerali. Januari wale samaki wetu, besi, walikuwa wamelala futi arobaini chini, kwenye mwamba wa Baba. Jigi, kile chambo cha bandia, nafunga mwenyewe bado: kichwa cha risasi, manyoya ya mkia wa kulungu, na kipande cha ngozi ya nguruwe nyuma. Naishusha kwenye mwamba ngazi kwa ngazi, taratibu. Wewe ulikuwa na papara, ukitaka samaki akuvute mkono. Wa baridi havuti, kamba inalegea tu. Verlin alikuwa akiishika kamba kwa vidole viwili, macho kafumba, halafu ananiambia sasa, mama, unangoja barua? Nikikaza, yupo. Na tunampandisha polepole, maana wa kina kile ukimharakisha tumbo linamvimba na kurudi chini hawezi.

Aprili walipanda kwenye kokoto kutaga, tukawaacha wazae. Julai maji yalipochemka walirudi chini, tukawa tunatoka alfajiri na kurudi kabla jua halijamkaba Verlin pumzi. Agosti alishindwa kupanda boti mwenyewe. Nilimbeba mgongoni, Hobart. Mwanamume aliyekuwa akibeba injini begani, nilimbeba kama gunia la mahindi, naye akacheka mpaka akakohoa, akasema usimwambie mtu. Nimekwambia wewe.

Sasa majani yanageuka rangi na besi wanafuata dagaa vihorini, kule maji yanakoingia nchi kavu. Juzi nilipoteza mmoja mkubwa, nilichelewa kukaza. Verlin akasema huyo Hobart angempata. Akaniuliza kama bado unavua huko. Nikasema sijui, hatuongei. Akatazama maji.

Ndiyo maana naandika. Kaa chini.

Baba alituonyesha mwamba ule sisi wawili tu, na jinsi ya kuipanga boti juu yake kwa alama za nchi kavu: tangi la maji likae juu ya paa la kanisa, mwerezi uliopasuka ukae kwenye pengo la kilima. Alituapisha tusimwambie mtu. Verlin mwenyewe alikaa miaka minne kwenye ndoa kabla sijampeleka, na nilikuomba ruhusa kwanza. Kisha ile Jumamosi ya Machi, miaka kumi na tisa iliyopita, ukafika ukakuta boti kumi na moja zimekaa juu yake. Ukaja barazani kwetu, ukamwita Verlin mwizi na mropokaji, maana alionekana kwenye duka la gatini na wale wageni wenye boti.

Hakusema yeye. Nilisema mimi.

Kulikuwa na jamaa wa Nashville mle dukani, boti yake inang'aa kama jeneza la tajiri. Aliona jigi yangu akawaambia wenzake hebu tazameni, bibi anavua kwa brashi ya kuoshea chupa. Akasema mwanamke hawezi kuhisi samaki wa futi arobaini. Wakacheka wote. Nami nilikuwa na besi wanne ndoo nzima, Hobart. Nikachukua penseli nikamchorea nyuma ya karatasi ya chambo, tangi, kanisa, mwerezi, kila kitu, nikamwambia nenda ukajifunze. Verlin alikuwa mlangoni na dumu la petroli. Aliona.

Ulipopiga kelele siku ile, mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa wavu na sufuria ya mkate wa mahindi mkononi. Verlin alivua kofia akasema, ndiyo, shemeji, ni mimi. Hata hakunitazama. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, wewe una ndugu mmoja tu wa kumpoteza. Nami nikanyamaza miaka kumi na tisa, nikakuacha umchukie, kwa sababu kiburi kilinizuia kukuambia.

Sasa umejua. Chukua basi la Alhamisi. Ukifika nitukane mimi, palepale barazani, kwa sauti ileile, majirani wasikie. Sitajibu, na unajua hilo si jambo dogo kwangu. Ukimaliza, vua kofia uingie ndani kwa shemeji yako. Usimwambie nimekuandikia. Mwache aamini umekuja mwenyewe.

Nisalimie Loretta na watoto. Verlin angekusalimu pia, ila amelala na sijamuamsha.

Mimi dada yako,
Delphia